Mwalimu na ukurasa mwekundu

KISANGANI. — Ukurasa wenyewe watu wengi wamekwisha kuuona. Mtu anagusa kiungo alichotumiwa kwenye WhatsApp, na mahali pa habari kufunguka, kioo chote cha simu kinageuka chekundu. Juu kuna alama ya hatari. Chini yake kuna maneno ya Kifaransa kwamba tovuti hiyo ni ya udanganyifu na inaweza kukuibia neno la siri. Kitufe kikubwa ni cha kurudi nyuma. Njia ya kuendelea mbele ipo, lakini imefichwa nyuma ya maandishi madogo ya kuomba maelezo. Wengi hawafiki huko. Wanarudi nyuma, na hapo hawana kosa.

Tangu M-Pesa ilipoingia Congo mwaka 2012, na Airtel Money na Orange Money kando yake, namba ya siri ya simu imekuwa ufunguo wa sanduku la nyumba. Mwizi hana tena haja ya kuvunja mlango. Anatengeneza ukurasa wenye rangi na nembo ya kampuni, anaandika kwamba kuna zawadi ya mega au ya dola, anautupa kwenye vikundi vya parokia, vya familia na vya wanafunzi wa zamani, kisha anasubiri. Mama muuza samaki anayeweka pesa yake ya mtaji ndani ya simu akiandika namba zake pale, jioni hana kitu. Ukurasa mwekundu ukimkatiza njiani, umemwokoa. Hilo lisemwe kwanza, kwa sababu maneno yanayofuata yanaweza kusikika kama kulalamikia askari wa lindo.

Askari huyo ana jina. Orodha inayotumiwa na vivinjari vingi, yaani programu za kufungulia mtandao, inatengenezwa na Google na inaitwa Safe Browsing. Chrome inaitumia, kwani ni ya Google yenyewe. Firefox inaitumia. Safari ya simu za Apple nayo inaitumia. Google inasema orodha hiyo inalinda vifaa zaidi ya bilioni 5. Microsoft ina ya kwake. Kwa hiyo mtu akibadilisha Chrome na kuweka Firefox akidhani amepata maoni ya pili, mara nyingi amemuuliza mtu yuleyule kwa mlango mwingine.

Sasa chukua mwalimu. Hana jina hapa, kwa sababu walimu wa namna yake wako wengi, Makiso, Mangobo, Kabondo, hata ng'ambo ya mto, Lubunga. Anafundisha hisabati, na kwa kuwa anajua kompyuta kidogo kuliko wenzake wasiojua kabisa, prefe amemkabidhi kazi ya ziada: wazazi wapate kuona alama za watoto bila kupanga mstari mbele ya ofisi, na wale wa darasa la mwisho wapate mazoezi ya egzeta bila kulipia fotokopi kila wiki.

Angeweza kuziweka Facebook. Ni bure, na kila mtu yuko huko. Lakini mwalimu hapendi alama za mtoto wa mtu zikae mahali ambapo jirani anazisoma, wala hapendi kazi ya shule ikae ndani ya nyumba ya mwingine anayeweza kufunga mlango siku anayotaka. Ananunua kompyuta ndogo ya mitumba. Anaiunganisha na betri na paneli ya jua, maana umeme wa SNEL unajulikana. Anaweka programu za bure ambazo watu duniani kote wanaziandika kwa pamoja: moja ya masomo, moja ya alama, moja ya kuhifadhi picha za shule. Ananunua jina la tovuti, dola kumi na kitu kwa mwaka. Cheti cha kufungia mawasiliano, kile kinacholeta alama ya kufuli, anakipata bure Let's Encrypt. Kwa kuwa mitandao ya simu kwa kawaida haimpi mteja anwani yake mwenyewe ya wazi, anakodi pia kiseva kidogo Ulaya cha kufanya kazi ya mlango: mgeni anabisha Ulaya, anapitishwa mpaka Kisangani. Usiku wa kufanya hayo yote haulipwi. Mtu aliyewahi kuona kitu chake kikifunguka kwenye simu ya mzazi wa kwanza anajua kwa nini watu wanaufanya hivyohivyo.

Inakwenda vizuri miezi michache. Kisha asubuhi moja simu ya prefe inaita kabla ya saa moja. Katika kikundi cha wazazi kuna picha ya kioo chekundu, na chini yake mama mmoja ameandika: «Mwalimu, hii mambo yako inataka kula pesa yetu?» Wa pili anaongeza kwamba kweli, juzi kredi yake ilipotea bila kueleweka. Wa tatu anasema yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi. Mpaka saa nne asubuhi mwalimu si mwalimu tena, ni mtu anayechunguzwa.

Anakagua mashine yake. Hakuna virusi, hakuna faili geni, hakuna mtu aliyeingia. Anatazama barua pepe yake kama kuna aliyemwonya. Hakuna.

Kosa liko wapi? Mara nyingi liko katika sura ya mlango. Programu za bure zina ukurasa mmoja wa kuingilia, unaofanana kila zilipowekwa: nembo ileile, nafasi ya jina, nafasi ya neno la siri. Ukurasa huohuo ukionekana kwenye anwani elfu moja tofauti, mashine inayowinda wezi inaona kitu inachokijua sana, kwa sababu na mwizi anafanya vilevile: anachukua sura ya mlango wa mtu anayejulikana, anaibandika kwenye anwani isiyojulikana. Anwani ya mwalimu ni changa. Hakuna tovuti kubwa inayoitaja. Haina wageni wengi. Kwa mashine, hizo ni dalili tatu mbaya, na kwa mwalimu hizo ni hali tu za kuwa mdogo.

Wengine wanauliza Google inaijuaje tovuti ambayo haikutangazwa popote. Kila cheti kinachotolewa huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Daftari hilo liliwekwa kwa nia njema, ili vyeti bandia vionekane. Lakini maana yake ni kwamba dakika mwalimu anapopata kufuli yake, jina la mlango wake limekwisha kutangazwa.

Kesi iliyosikika sana ni ya Oktoba 2025, na haikumpata mwalimu maskini. Iliwapata watengenezaji wa Immich, programu ya bure ya kuhifadhi picha na video nyumbani, inayotumiwa na watu wengi wasiotaka kuacha picha za familia kwa Google au Apple. Siku moja tovuti zao zote chini ya jina immich.cloud zilianza kufunguka nyekundu. Walipofuatilia, waliona kilicholeta shutuma ni kurasa za majaribio. Kila mtu anapopendekeza badiliko katika programu, wao hufungua nakala ya muda kwenye anwani ndogo chini ya jina lao ili walijaribu. Nakala hiyo ina ukurasa wa kuingilia wa Immich. Mashine ikaamua kwamba huo ni ukurasa wa kuiga Immich. Yaani Immich ilishutumiwa kumwiga Immich, nyumbani kwa Immich.

Na shutuma haikubaki kwenye nakala ile ya majaribio. Ilipanda juu ikafunika jina lote, pamoja na kurasa nyingine za kazi zilizokuwa chini yake. Waliomba uchunguzi upya, wakaeleza kwamba tovuti ni zao wenyewe na haziigi mtu. Baada ya siku moja au mbili wakasafishwa. Wakafungua nakala nyingine ya majaribio, kama kazi yao inavyotaka, na rangi nyekundu ikarudi. Mwisho waliamua kuhamishia majaribio yote kwenye jina jingine kabisa, immich.build, ili likichafuka lisichafue lile la kwanza. Walipoeleza hayo hadharani, watumiaji wa programu nyingine za namna hiyo, kama Jellyfin na YunoHost, walikuwa wamekwisha kulalamika juu ya jambo hilohilo.

Mtu wa Kisangani anaweza kulielewa kwa mfano wa lupango. Jina la tovuti ni lupango moja. Anwani ndogo zilizo chini yake ni nyumba za ndani ya lupango: hii ya alama, hii ya masomo, hii ya picha. Polisi wakimshuku mpangaji mmoja, wanafunga geti la barabarani, na wote waliomo ndani wanalala na njaa. Ndiyo maana mwalimu aliyeshutumiwa kwa ajili ya ukurasa wa picha anapoteza na alama na mazoezi ya egzeta siku hiyohiyo.

Lipo daftari la kusaidia polisi watofautishe lupango na avenyu. Linaitwa Public Suffix List, linatunzwa na watu wa kujitolea chini ya Mozilla. Ndani yake imeandikwa kwamba co.ke au co.tz si mali ya mtu mmoja, ni kama avenyu yenye wenyeji mbalimbali, na github.io pia, kwa sababu kila jina chini yake lina mwenyewe. Mwizi akikamatwa kwenye github.io, vivinjari vinajua kwamba jirani yake si ndugu yake. Lakini daftari hilo ni la wale wanaogawa anwani kwa wengine, na mtu lazima aombe kuandikwa. Shule ya sekondari yenye kurasa tatu haina nafasi humo. Lupango lake litabaki lupango.

Kuna swali ambalo wenye kulalamika hawalipendi, na ni la haki: kwa nini mashine inaamua bila kuuliza? Jibu la Google si la upuuzi. Mwezi Machi 2024, ilipobadilisha jinsi Chrome inavyokagua anwani, ilieleza kwamba ukurasa wa wizi kwa wastani unaishi chini ya dakika 10. Zamani kivinjari kilikuwa kinapakua orodha mpya kila dakika 30 hadi 60. Mwizi alikuwa amekwisha kula na kuondoka kabla orodha haijafika. Kwa hiyo sasa Chrome inauliza papo hapo. Haipeleki anwani nzima. Inaigeuza kuwa namba ndefu, inakata kipande cha mwanzo, inauliza juu ya kipande hicho tu, ili Google isijue mtu anasoma nini. Ni kazi nzuri ya kiufundi. Katika dakika 10 hakuna binadamu anayeweza kupiga hodi kwa mwalimu wa Kisangani na kumuuliza kama yeye ni mwizi.

Ni sawa kwa kuingiza. Ugumu ni katika kutoa. Jina linaingia kwenye orodha kwa dakika, kwa kasi ya mashine; linatoka kwa siku, na mwenye jina ndiye anayepaswa kuanza kutafuta mlango wa kutokea. Na huo mlango unafunguka upesi kwa yule anayeweza kupiga kelele. Jumamosi tarehe 31 Januari 2009, mtu wa Google alikosea akaingiza alama moja ya mkwaju kwenye orodha. Mkwaju umo katika kila anwani ya mtandao. Kuanzia saa kumi na nusu jioni, saa za Kisangani, karibu kila kitu kilichotafutwa kwenye Google kilitoka na onyo kwamba kinaweza kudhuru kompyuta. Ilichukua kama dakika 55, makosa yakasahihishwa, na Google ikaomba radhi hadharani. Dunia nzima ilikuwa imepiga kelele. Immich nao, wenye watumiaji wengi, walisikika. Mwalimu ana kikundi cha wazazi, na hao ndio wanaomshuku.

Hapa Boyoma watu wanajua vizuri kukatiwa mtandao. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Disemba 2018, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu, mpaka tarehe 20 Januari 2019 hivi. Wafanyabiashara walipoteza, wanafunzi walipoteza, wenye ndugu ng'ambo walikaa gizani. Lakini kila mtu alijua ni nani aliyezima; kampuni za simu zenyewe zilisema ni amri ya serikali. Hakuna jirani aliyemwambia jirani kwamba yeye ndiye mchafu aliyeleta balaa. Ukurasa mwekundu unafanya kinyume. Haufungi mtandao, unaweka muhuri juu ya jina la mtu mmoja, na hausemi ni nani aliyeuweka wala kwa ushahidi gani. Mama anayeuona haoni shaka ya mashine huko Marekani. Anaona neno «udanganyifu» juu ya jina la shule ya mtoto wake.

Na katika mji ambamo karibu kila familia ina mtu aliyeibiwa kwa simu, neno hilo halina uzito mdogo. Fundi anayefungua siberi kando ya soko, radio ya mtaa inayoweka vipindi vyake mtandaoni, chama cha wakulima kinachoandika bei za mihogo na mchele: wote wanauza kitu kimoja kabla ya kingine, nacho ni kuaminiwa. Wakipoteza wageni kwa siku mbili, watawarudisha. Wakisemwa sokoni kwamba tovuti yao ilikuwa ya wezi, maneno hayo hayana fomu ya kuombea uchunguzi.

Basi mwalimu anafanya nini? Kwanza, kuna jambo ambalo hapaswi kufanya, ingawa ndilo rahisi kuliko yote: kuwaandikia wazazi «bonyeza maelezo, halafu endelea, hakuna shida». Walimu na mafundi wengi wanafanya hivyo kwa nia safi, na wanakosea vibaya. Mzazi aliyefundishwa na mwalimu kuruka ukurasa mwekundu ataruka na ule wa mwizi wiki ijayo, na siku hiyo M-Pesa yake itaondoka kweli. Ni heri tovuti ikae imefungwa siku mbili.

Pili, Google ina mahali pa wenye tovuti, panapoitwa Search Console. Mtu anathibitisha kwamba jina ni lake kwa kuweka mstari mmoja wa maandishi katika rekodi za jina alilonunua. Pale anaona anashutumiwa kwa ukurasa gani, ingawa maelezo ni mafupi mno, na anaomba uchunguzi upya. Kwa shutuma ya kuiba maneno ya siri jibu linakuja kwa kawaida ndani ya siku moja hivi. Kwa virusi, siku kadhaa. Anayejiandikisha kabla ya tatizo anapata barua pepe siku linapotokea; anayejiandikisha baadaye anatafuta maneno yake ya siri huku prefe anapiga simu. Tahadhari moja: tangu mwaka 2016 kuna kanuni kwamba tovuti inayosafishwa kisha ikarudia uovu mara kwa mara inaweza kunyimwa nafasi ya kuomba kwa siku 30. Kwa hiyo mwalimu asibonyeze ombi kabla hajabadilisha kilicholeta shutuma, hata kama anajua kwamba hana hatia. Kuna pia fomu ambayo mtu yeyote, hata asiye mwenye tovuti, anaweza kuijaza kuieleza Google kwamba onyo limekosea. Wazazi watano wakiijaza haileti hakika yoyote, lakini haidhuru.

Tatu ni kubadilisha sura ya mlango. Ukurasa wa kuingilia usiwe uleule uliokuja na programu: jina la shule liandikwe kubwa, rangi zibadilishwe, pawe na ukurasa wa mbele unaoeleza shule iko wapi na tovuti ni ya nini, bila kuuliza neno la siri kwanza. Vitu vya mwalimu peke yake, kama ukurasa wa kusimamia mashine, visikae wazi kabisa mtandaoni. Na majaribio yawe na jina lake jingine, kama Immich walivyofanya. Hiyo ni dola kumi na kitu nyingine kwa mwaka. Ukimwambia mtu wa Ulaya, ni bei ya chakula kimoja cha mchana. Mwalimu ataifikiria mara tatu.

Wapo wanaochanganya jambo hili na lile neno dogo la «si salama» ambalo Chrome inaandika karibu na anwani zisizo na kufuli tangu Julai 2018. Hilo ni jingine. Linasema tu kwamba maneno yanapita njiani bila kufungwa, na dawa yake ni cheti cha bure. Halimwiti mtu mwizi.

Kuna njia ya nne, ambayo mashariki mwa nchi imekwisha kujaribiwa kwa sababu nyingine kabisa. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, watu walijengewa mtandao wa jamii unaoitwa Pamoja Net, kwa msaada wa shirika Ensemble Pour la Différence, kwa sababu kampuni za simu hazikuona faida ya kuwafikia vizuri. Bukavu nako kuna kazi ya namna hiyo, Mesh Bukavu: vifaa vya Wi-Fi juu ya nyumba vinashikana mkono kutoka paa hadi paa, na seva ya ndani inabeba vitu ambavyo watu wa mtaa wanavihitaji. Shule inaweza kufanya hivyo kwa udogo: Wi-Fi ya shule, mashine ileile ya mitumba, na mazoezi yanafunguka kwa aliye uani bila mega hata moja. Anwani ya ndani ya shule haionekani na mashine ya Google, na haiwezi kushutumiwa na mashine isiyoiona.

Lakini mzazi anayeishi Mangobo na mtoto anayesoma Makiso hawezi kupanda toleka kila Ijumaa kwenda kusimama uani kwa ajili ya kusoma alama. Kwa alama, mwalimu bado anahitaji mlango wa barabarani. Kwa mazoezi ya egzeta anaweza kuuacha, na pengine ni vizuri auache: vikiwa vimegawanyika hivyo, siku moja alama zikifungwa, watoto wa darasa la mwisho wataendelea kusoma.

Kuhusu wazazi, walimu waliokwisha kupita humo wangefanya vizuri kutumia chombo cha zamani. Karatasi kubwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, imeandikwa kwa kalamu nene na kupigwa muhuri wa prefe: anwani halisi ya tovuti, herufi kwa herufi; kwamba tovuti haitauliza kamwe namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money wala Orange Money; kwamba rangi nyekundu ikionekana mtu asiendelee, apige simu shuleni. Karatasi hiyo ibandikwe mwezi Septemba, shule zinapofunguliwa, wakati hakuna aliyemshuku mtu. Ikibandikwa baada ya picha nyekundu kuzunguka kwenye kikundi, wazazi wataisoma kama utetezi.